Taulo Jeupe

Kama kuna mtu katika kaunti nzima ya Kakamega asiyefaa kusaga kioo cha darubini, mtu huyo ni mimi, Lynette Ayuma. Sijui kukaa. Chai nainywa nikiwa nimesimama, vipindi vya runinga navitazama nikikunja nguo, na kanisani nakaa benchi la mwisho karibu na mlango ili mguu wangu utikisike bila kumsumbua mtu. Nimeanza kozi mbili na kuziacha njiani. Nimenunua cherehani na kuiuza kabla sijamaliza gauni la kwanza. Kwa hiyo siku Mwalimu Philip aliposimama sebuleni kwake Amalemba na kutangaza kwamba mimi na Barnaba Wanjala ndio tutakaosaga kioo cha klabu, wenzangu walicheka wote kwa pamoja. Nilikasirika, na kwa hasira hiyo nikakubali.

Klabu yetu ni ya watu kumi na wawili wanaopenda kutazama nyota. Philip, mwenyekiti, anafundisha fizikia sekondari. Wengine ni makarani kama mimi, muuza simu mmoja anayeitwa Bravin, na nesi Tracy. Hukutana Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na kwa kuwa Kakamega mvua hunyesha ikitaka, nusu ya mikutano huisha tukinywa chai na kuyalaumu mawingu. Tulikuwa na darubini moja ndogo ya kuazima, mguu wake mmoja umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Ukiigusa inatikisika, na ukipumua karibu nayo inatikisika pia.

Kwa darubini hiyo hiyo mbovu ndipo nilipoiona Jupita mara ya kwanza. Duara dogo jeupe, na pembeni yake vidoa vinne vimejipanga. Philip akaniambia vile ni miezi yake. Nilirudi kutazama baada ya saa mbili, na kidoa kimoja kilikuwa kimehama. Nikamwambia Philip hata kule juu hakuna anayekaa, akacheka. Lakini mimi sikuwa natania. Maisha yangu yote nimeambiwa nitulie, na hapo nikaona dude kubwa namna ile, limezungukwa na vitu visivyotulia, na hakuna anayevigombeza. Nilitaka kuviona vizuri, bila kutikisika.

Kununua darubini kubwa kulitushinda. Philip akasema tutatengeneza yetu, na moyo wa darubini ni kioo, kioo kinachosagwa kwa mkono mpaka kibonyee kidogo katikati, kama sahani. Barnaba alichaguliwa kwa kuwa ni fundi wa mashine kiwandani Butali, mtu mwenye subira ya kulainisha chuma siku nzima. Mimi nilichaguliwa kwa sababu ambayo Philip aliitoa mbele za watu: "Huyu hawezi kukaa, na kazi yenyewe ni ya kuzunguka pipa."

Ilikuwa kweli. Kila Jumamosi kwa miezi saba nilipanda boda hadi kwa Barnaba, Navakholo, na kuingia kwenye banda lake la mabati nyuma ya nyumba. Katikati palisimama pipa lililojazwa mawe lisisogee. Juu ya pipa kioo kimoja kinene, na juu yake kioo kingine, na kati yao maji na unga wa kusagia, mgumu na mkali kama mchanga. Unasukuma kioo cha juu mbele, unakivuta, unakigeuza kidogo, unapiga hatua moja kushoto. Tena. Ukichoka, mwenzako anashika. Nilizunguka pipa lile mpaka sakafu ya udongo ikafanya njia. Sikuwa nimewahi kufanya kitu kimoja kwa miezi saba. Kila nilipofika pale na kuvua viatu nilijishangaa mwenyewe.

Barnaba si mtu wa maneno mengi, ila alikuwa na sheria zake, na alizisema mara moja tu. Unga ulikuwa wa aina nne, kuanzia ule mkubwa hadi ule laini kabisa, na kila unga ulikuwa na ndoo yake. Ndoo hazichanganyiki. Kioo hakiguswi na mtu mmoja peke yake. Ni lazima wawili wawepo, mmoja akifanya na mmoja akiangalia. Na tulipofika hatua ya mwisho, ya kung'arisha, alileta taulo jeupe jipya, akalitia ndani ya mfuko wa plastiki na kuutundika kwenye msumari ukutani.

"Hii ni ya kioo peke yake," akasema. "Chembe moja ya mchanga ikiingia hapa, tunarudi nyuma miezi miwili."

Sheria ya mwisho haikunihusu. Aliiweka na jirani yake, Masinde, mkulima wa miwa aliye ng'ambo ya barabara. Masinde akishavuna huchoma majani makavu, na masizi yake hupeperuka mpaka yanadondoka kwenye sufuria za watu. Barnaba alimwomba asichome Jumamosi mpaka kioo kiishe, na Masinde alikubali. Kwa miezi saba hakuchoma.

Halafu ikaja Jumamosi ya mwisho ya Januari. Tulikuwa tumebakiza saa chache tu za kung'arisha. Nilifika nikiwa sina utulivu hata chembe. Usiku kucha nilikuwa nimekiota kile kioo, na nilitaka kiishe siku ile ile, nikiwa mimi nimekishika. Tulizunguka hadi saa sita mchana. Kioo kilikuwa kinang'aa kwa juu na cheupe kwa chini, na ukikiinamisha unaona dari lote la banda limejikunja ndani yake.

Hapo wageni wakaingia. Wajomba watatu wa Barnaba kutoka Butali, bila taarifa, kwenye boda mbili, wamejaa vumbi jekundu la barabara ya murram mpaka kwenye kope. Pascalia, mke wa Barnaba, alikuwa jikoni akipambana na obusuma, ugali wetu, na ingokho, yule kuku wa wageni, ilikuwa tayari imekamatwa. Barnaba alifunika kioo kwa beseni, akanawa, akaniambia tutaendelea baada ya chakula. Akaenda kukaa na wajomba zake, maana ndiye mwenye boma.

Mama yake Barnaba, tunayemwita Kukhu, yaani nyanya, alinichungulia bandani.

"Wewe mtoto, reta maji wageni wanawe. Na taulo."

Nataka niseme wazi kwamba nilikasirika. Nilikuwa mgeni pia. Nilikuwa na miaka thelathini na minne na kazi yangu ofisini, na miezi saba ya kuzunguka pipa, na bado nikionekana ni mikono ya kunawisha wanaume. Bravin angekuwa pale angeambiwa akae. Lakini kwetu hubishani na Kukhu mbele ya wageni. Nikachukua birika na beseni. Taulo la nyumba lilikuwa kwenye kamba, linachuruzika maji. Nilisimama pale uani nikiangalia huku na huku, mguu ukinitikisika, nikiwaza dakika zinavyopotea, kisha nikarudi bandani na kulishusha taulo jeupe.

Sikusahau ni la nini. Ningependa kusema nilisahau. Nilijiambia ni mikono tu, tena mikono iliyokwisha kunawishwa.

Mjomba wa kwanza alijifuta mikono. Wa pili akajifuta mikono na uso. Wa tatu, mzee mnene mwenye kucheka, alijifuta uso, shingo, nyuma ya masikio na kichwa chote chenye upara, akanirudishia na kuniambia, "Asante sana, mama. Mungu akupe bwana mzuri." Nililikung'uta taulo mara mbili, nikalikunja upande uliokuwa safi ukae juu, nikalirudisha kwenye mfuko.

Nilikula matonge matatu ya obusuma nikiwa nimesimama mlangoni. Ndani, wajomba walikuwa wameanza habari za shamba la babu yao, na habari hizo huwa haziishi kabla ya chai. Nikarudi bandani peke yangu. Nilikifunua kioo. Nikakifuta kwa taulo, nikakimwagia unga wa mwisho, nikaanza kusukuma. Mbele, nyuma, geuza, hatua. Mzunguko wa kwanza ulikuwa kimya. Mzunguko wa pili nilisikia mlio mdogo, kriii, na mlio huo niliusikia kwenye meno.

Nilikinyanyua kioo na kukiosha. Mkwaruzo ulianzia karibu na ukingo na kupinda hadi karibu na katikati, mwembamba, urefu wa kidole changu cha shahada. Miezi saba. Nilikirudisha na kukifunika kwa beseni, nikatoka nje na kusimama uani bila kujua pa kwenda.

Na huko nje masizi meusi yalikuwa yakidondoka. Ng'ambo ya barabara, Masinde alikuwa anachoma.

Barnaba alirudi bandani karibu saa tisa. Nilimfuata. Mlango alikuwa ameuacha wazi alipotoka, na mimi sikuufunga. Masizi yalikuwa yametanda juu ya meza, juu ya ndoo, juu ya beseni. Aliinua beseni, akakifuta kioo kwa taulo, akakiinamisha kwenye mwanga, na nikaona bega lake likishuka.

"Ni mimi," akasema. "Niliacha mlango wazi, masizi yakapita chini ya beseni." Akatazama ng'ambo ya barabara. "Na Masinde alijua. Nilimwambia. Alijua!"

Nilifungua mdomo. Nakumbuka kabisa nilivyoufungua, kwa sababu niliuhisi mkavu. Kisha nikaufunga.

Kwa nini? Kwa sababu niliisikia klabu nzima ikicheka sebuleni Amalemba. Kitu pekee nilichowahi kukifikisha karibu na mwisho, nimekiharibu kwa haraka yangu, kama kila mtu alivyojua nitafanya. Barnaba akiharibu, watu watasema ni bahati mbaya. Mimi nikiharibu, watasema si tulisema? Niliogopa. Hakuna jina jingine la kupamba jambo lile.

Jioni ile Philip aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Kioo kimepata mkwaruzo. Fundi Barnaba ameniambia alisahau kufunga mlango, masizi yakaingia." Tracy akatuma sura mbili za kulia. Bravin akaandika, "Aki Barnaba! Miezi saba!" Mwingine akauliza ni nani alisema kioo kipelekwe karibu na miwa. Simu ilikuwa mkononi mwangu. Niliandika sentensi, nikaifuta. Nikaandika tena. Nilipokuwa naifuta mara ya tatu, pakatokea mstari mdogo katikati ya kioo cha simu: Barnaba ametoka kwenye kundi.

Unga laini ulikuwa umeisha na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuanza upya. Philip akaamua tuendelee na kioo kilivyo. Rafiki yake wa maabara akakipaka utando wa fedha ili kiakisi mwanga, na bomba la plastiki likakatwa, na Bravin akalipaka rangi nyeusi. Kumbe Philip alikuwa ameshawaahidi walimu wa Navakholo kwamba siku ya kwanza ya darubini tutaifanya uwanjani kwao, shuleni, Ijumaa ya kwanza ya Machi, kabla mvua za masika hazijashika.

Wiki tano zile sikulala sawasawa. Nilikuwa naamka na kuzunguka meza yangu, miguu mitupu, hatua moja kushoto, hatua moja kushoto. Ofisini nilibandika mihuri kwenye karatasi zisizohusika. Jumamosi mbili nilipanda boda ya Navakholo, na mara zote mbili nikamwambia dereva ageuze tukiwa tumefika sokoni. Mara ya pili akaniuliza, "Madam, wewe unaendanga wapi kweli?" Nikamkaripia bure.

Ijumaa ile anga lilikuwa safi ajabu. Tulifika uwanjani jua likizama. Watoto wa shule walikuwa wamejaa, na wazazi wao, na mama mmoja mwenye sinia la njugu. Philip aliupanga mstari. Kwa kuwa nilisaga, alisema, mimi nitakuwa wa pili baada yake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Barnaba nimempigia mara tatu. Boma lake ni pale tu, lakini hataki. Sijui kama tutaona kitu, Lynette. Mkwaruzo ule ni mbaya."

Saa moja na nusu giza lilikuwa limeingia. Jupita ilikuwa karibu na utosi, inawaka bila kupepesa. Philip aliielekeza darubini, akainama, akakaa vile muda mrefu mpaka nikataka kumsukuma. Alipoinuka alikuwa na machozi, mwalimu mzima.

"Mistari," akasema. "Naona mistari juu yake. Miezi yote minne, mikali kama imechongwa. Mkwaruzo hauonekani! Hauonekani hata kidogo!"

Uwanja ukalipuka. Bravin akaruka. Tracy akanikumbatia. "Na vile tulimnunia Barnaba wa watu!" akasema huku akicheka. "Kumbe alijitesa bure tu. Lynette, ingia, ni wewe."

Watu walinipisha. Kijicho cha darubini kilikuwa mbele ya uso wangu, kimetulia, hakitikisiki. Nilichohitaji ni kuinama. Na hapo nikaelewa kwamba nimeponea. Mkwaruzo hauonekani, kioo ni kizuri, kila mtu amesamehe, na hakuna mtu duniani atakayeuliza tena. Ningeweza kuinama na kutazama na jambo likaishia hapo. Nilijichukia sana wakati ule, kuliko siku mkono wangu ulipokiharibu kile kioo.

"Mwingine aingie," nikasema. "Narudi."

Nilivuka uwanja karibu nikikimbia. Kutoka pale hadi kwa Barnaba ni mwendo wa dakika kumi, na mimi nilitumia tano. Alikuwa ameketi nje kwenye kiti cha plastiki, redio magotini, ameizima. Nadhani alikuwa akisikiliza kelele za uwanjani.

"Karibu, Lynette. Imekataa?"

"Imefanya kazi," nikasema. "Vizuri kabisa. Mkwaruzo hauonekani."

Akavuta pumzi na kuitoa polepole. Alianza kutabasamu.

"Barnaba, si wewe. Si mlango, si masizi. Ni mimi." Nikamwambia yote bila kusimama hata kumeza mate: taulo, wajomba, kichwa cha yule mzee mwenye upara, jinsi nilivyorudi peke yangu, ule mlio. Nilimwambia kwamba beseni lilikuwa limefunika kioo muda wote masizi yakidondoka. Nilimwambia kwamba nilinyamaza kwa kuogopa kuchekwa.

Tabasamu liliondoka, lakini hakupandisha sauti. Ningefurahi kama angepandisha.

"Wiki tano," akasema.

"Ndiyo."

"Wewe unajua nini kilifanyika hizi wiki tano?" Aliiweka redio chini. "Kesho yake asubuhi Masinde alikuja hapa. Alikuwa na ingokho kwa mkono. Akasema moto ulianzia kwa shamba la mtu mwingine, ukamshinda kuuzima, anaomba msamaha kwa kioo. Nilimrudisha pale kwa geti. Sikumwacha aingie. Mama aliniambia nimkaribishe, nikakataa." Akaonyesha kwa kidevu ng'ambo ya barabara. "Mwezi jana walikuja kuleta mahari ya Rachael, binti yake wa kwanza. Mimi ndio nilikuwa nizungumze upande wa msichana. Tulikubaliana tangu mwaka jana. Mimi sikuenda. Wageni walikaa wakiningoja saa nzima, mpaka wakatafuta mtu wa kanisa. Mimi nilikuwa hapa, kwa hii kiti. Niliwaona wakiingia, na niliwaona wakitoka."

Nilikuwa nimedhani kosa langu liko kwenye kioo, jembamba, urefu wa kidole. Kumbe lilikuwa limevuka barabara na kuingia kwenye nyumba ya watu nisiowajua, kwenye siku ambayo hairudiwi.

Barnaba akasimama. "Twende."

"Sasa hivi?"

"Wewe si hujui kungoja?"

Tulivuka barabara. Simu ilianza kulia mfukoni mwangu, alikuwa Philip. Niliikata. Ikaja meseji: "Uko wapi? Mawingu yanatoka upande wa msitu. Njoo haraka uone." Niliisoma nikitembea. Juu yetu Jupita ilikuwa bado peupe, na upande wa mashariki nyota zilikuwa zimeanza kupotea moja moja.

Masinde alifungua mlango mwenyewe. Ni mtu mrefu, mkavu, wa miaka hamsini na kitu. Alimwangalia Barnaba, akaniangalia mimi, hakusema karibu wala hakusema ondokeni. Mkewe na binti yao walikuwa ndani wakiandaa meza.

"Baba Rachael," Barnaba akasema, "mimi nilikukosea. Huyu atakwambia vile ilikuwa, lakini kukukosea ni mimi. Yeye hakunituma nikufungie geti."

Nikasema tena, safari hii polepole, kwa kuwa sauti haikutaka kutoka. Nilipofika kwenye taulo, binti, Rachael, aliacha kupanga sahani na kusikiliza. Nilipomaliza, nilimgeukia yeye. Nilimwambia kwamba siku yake ya mahari ilikosa msemaji kwa sababu yangu, na kwamba sina cha kuirudisha. Alirudi kupanga sahani.

Masinde aliegemea mlango. "Mimi mwenyewe niliamini ni mimi," akasema. "Hiyo ndio ilikuwa inaniuma. Kila siku nikipita hapo barabarani naona hiyo banda, nasema, Masinde, umeharibia watu nyota." Akatikisa kichwa. "Hata nikaacha kuchoma. Hizo majani zinaoza tu huko shambani, mke ananigombeza."

Barnaba alitazama chini. Mguu wangu, kwa mazoea yake, ukaanza kutikisika. Niliukanyaga kwa mguu mwingine.

"Ile ingokho bado ingali hai," Masinde akasema mwishowe. "Inatembea huko nyuma, imenona. Lakini leo hamuikuli. Leo mtakula mrenda, mboga tu, kama watu wenye wamekosa." Akasogea mlangoni kutupisha. "Ingieni. Barnaba, kaa pale mahali unakaa siku zote."

Barnaba aliingia akapita moja kwa moja hadi kiti cha kona. Nilimwona akipitisha mkono usoni kabla ya kukaa. Mimi nilikalia ukingo wa kochi. Simu ilitetemeka tena, mara mbili, kisha ikatulia. Nje, mbali, nilisikia watoto uwanjani wakiguna kwa pamoja, na nikajua mawingu yamefika.

Rachael akaja na birika na beseni. Alianza na Barnaba, kama inavyotakiwa, halafu akaja kwangu. Nilinyoosha mikono, akamimina maji ya vuguvugu bila kuniangalia usoni. Niliisugua mikono juu na chini na katikati ya vidole. Alingoja mpaka nikamaliza. Kisha akalishusha taulo lililokuwa begani kwake, jeupe, bado na mikunjo ya dukani, akalishika kwa mikono miwili na kuninyooshea.

Nililipokea. Nikajifuta polepole, kidole kimoja kimoja, vyote kumi.